Unaenda misheni Ethiopia? Soma kwanza siku ya kule inavyokwenda

Mpiga Kengele (mleta mada)

Habari za jioni wakuu, na Bwana asifiwe kwa wahusika. Kwenye ule uzi wa safari za kanisa kuna watu waliniomba nieleze maisha ya Ethiopia, hasa kusini, Wolaita na majirani zake, maana naona kwaya na vikundi vya vijana vinajipanga kwenda. Nitashusha kwa vipande. Anayejua zaidi anisahihishe hapahapa.

La kwanza kabisa, na ukilikosa hili mengine yote yatakwenda kombo: huendi kwenye nchi inayosubiri kuletewa Injili. Mfalme Ezana wa Aksum aliingia Ukristo katika karne ya 4 na akaanza kupiga msalaba kwenye sarafu zake. Kanisa la Orthodoksi Tewahedo lipo tangu hapo. Sisi Waprotestanti, ambao kule wote tunaitwa Pente, hata Mlutheri aliyetulia zake, tumefika jana jioni. Sensa ya 2007 ilionyesha Waorthodoksi ni asilimia 43 na ushee, Waislamu karibu 34, na Waprotestanti kama 18 na nusu.

Kusini hesabu inageuka, Pente ndio wengi. Lakini hata huko, sikilizeni historia. Wamisionari wa SIM, shirika la misheni la Kiprotestanti, waliingia Wolaita mwishoni mwa miaka ya 1920. Waitaliano wakavamia nchi, na kufikia 1937 wamisionari walikuwa wameondolewa, wakiacha waumini makumi kadhaa tu. Waliporudi miaka ya 1940 walikuta maelfu. Kazi hiyo ilifanywa na wakulima wa palepale, wengi wao hawajui kusoma, wakati hakuna mgeni yeyote wa kuwasimamia. Sasa wewe na fulana yenu ya sare na spika mbili mnashuka kwenye basi mkidhani mmekuja kuwasha taa. Wenyeji watawapokea vizuri sana, watawapa maua, halafu watatabasamu wakiwa kwao.

Nakunywa chai, narudi.

Kaa la Mkaa

Tiririka mkuu, niko siti ya mbele. Ila usitukate katikati kama wale wa simulizi.

Mpiga Kengele

Tuendelee. SAA. Hapa Mswahili anamzidi mgeni yeyote duniani. Mhabeshi anahesabu saa kama sisi: jua likichomoza ndiyo saa kumi na mbili, saa moja inafuata. Wazungu huwa wanahangaika wiki nzima, sisi hatuna shida hiyo. Shida yetu ni ya kinyume. Wenyeji wakishajua wewe ni mgeni, kwa ustaarabu wao wanakubadilishia wao wenyewe. Akikwambia "saa nane" anaweza kuwa na maana ya saa mbili asubuhi, keshakurahisishia. Katika msafara wetu dereva alipewa saa iliyobadilishwa mara mbili, kanisa zima likakaa kutungoja mchana kutwa. Dawa ni kuuliza "asubuhi au mchana?" basi.

Kalenda nayo ina miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 na mmoja wa siku tano au sita. Mwaka mpya wao ni tarehe 11 Septemba kwetu, na wako nyuma yetu miaka saba au minane kutegemea mwezi. Barua ya mwaliko ikija na mwaka ambao ulikuwa bado sekondari, usishtuke, wala usiirudishe kwa mchungaji wao ukimwambia amekosea.

Halafu KUFUNGA. Naomba mtulie hapa, maana ndipo vikundi vingi vinapoharibu bila kujua.

Mwothodoksi anafunga kila Jumatano na Ijumaa. Kuna Kwaresima yao, siku 55. Kuna mifungo mingine ya Mitume, ya Mariamu, ya kabla ya Noeli. Ukijumlisha, mlei wa kawaida anapata kama siku 180 kwa mwaka, makasisi zaidi ya hapo. Na kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, siagi na mayai, na wenye bidii hawaonji kitu mpaka mchana. Kwa hiyo nchi nzima ina jiko la aina mbili. Hotelini unaulizwa unataka cha mfungo au cha kawaida. Cha mfungo ni injera (ule mkate wao mpana, laini, wa kuchachushwa) yenye shiro ya unga wa njegere na dengu, misir ya dengu nyekundu, kabichi, mboga za majani. Kitamu mno, nawaambia ukweli, mimi nyama niliisahau.

Sasa fikirini kikundi cha Pente wageni, Ijumaa Kuu ya Waorthodoksi (ambayo mara nyingi haiangukii siku moja na yetu), wamechinja mbuzi uani kwa jirani Mwothodoksi na moshi unapanda ukuta. Sheria haikukatazi. Wapente wenyeji wengi hawafungi mfungo huo. Lakini jirani ataona nini? Ataona wageni waliokuja kumdharau. Na mkishaondoka, anayebaki kuishi naye ni mwinjilisti wenu mwenyeji.

Ushauri wangu, na siupunguzi: kikundi kizima kile cha mfungo Jumatano na Ijumaa kwa muda wote wa safari. Hamtakufa.

Nyundo ya Fundi

Mkuu naomba kuuliza bila kukukwaza. Kama wao walipata Ukristo karne ya 4, na kusini Pente ni wengi kuliko hata huku kwetu, mnaenda kufanya misheni gani? Si mkae tu nyumbani mchange hela mtume?

Mpiga Kengele

Swali zuri na nilitegemea lije.

Sisi tulikwenda kwa mwaliko. Kanisa mwenyeji lilikuwa na kituo cha afya kinachohitaji wauguzi wa kusaidiana na wao, na jengo la shule ya Jumapili lisilo na paa. Tukaenda na wauguzi, mafundi wawili na waimbaji. Kuhubiri walihubiri wao, sisi tukatoa ushuhuda wa dakika chache tulipoitwa. Hata hiyo hela unayosema ilitumwa pia. Lakini kanisa halijengwi kwa muamala peke yake. Watu wa makanisa mawili yaliyo nchi mbili za Afrika Mashariki wakishakaa pamoja, wakaombeana wagonjwa wao kwa majina, mambo yanabadilika. Mekane Yesus ya kule na KKKT ya Tanzania ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani, na muulize mshirika wa kawaida wa upande wowote kama amewahi kuketi na mwenzake wa upande wa pili. Hajawahi. Ila kila mmoja amewahi kupokea Mjerumani.

Kuna kundi nakubaliana nawe wakae nyumbani: wale wanaokwenda kuhesabu waliookoka. Ukipiga mahubiri ya hadhara nje ya kanisa la Orthodoksi halafu ukaandika ripoti kwamba watu kadhaa wameongoka, ujue umewahesabu Wakristo waliobatizwa wakiwa na siku 40 au 80 za kuzaliwa, na umewaachia wenyeji kesi ya wizi wa kondoo, yaani kunyang'anya waumini wa kanisa jingine.

Nyundo ya Fundi

Hapo kwenye Mjerumani umenimaliza 😂 Haya, endelea.

Sauti ya Pili

Mimi ni dada, nilikwenda Hawassa, mji wa kulekule kusini, na kwaya, naongezea upande wetu maana kaka hapo hatayaona.

Beba sketi ndefu na mtandio mweupe, au nunua netela kulekule. Ni shuka jepesi la pamba lenye ukingo uliodariziwa, wanawake wanajitanda wakienda ibadani, Waorthodoksi kwa Pente. Nywele wazi kwenye kanisa la Orthodoksi hapana. Na viatu mnavua mlangoni, kwa hiyo soksi zenye tundu ziacheni nyumbani. Makanisa mengi ya vijijini wanaume wanakaa upande wao na wanawake upande wao, usimfuate mumeo.

Jikoni: ukikaa na familia, mama wa nyumba hatakuruhusu kufanya kitu siku za mwanzo. Usilazimishe. Kaa karibu naye, pokea mtoto, menya kitunguu akikupa. Siku akikuachia umimine uji wa teff, nafaka yao ndogo, kwenye sinia la kuokea injera (wanaita mitad) ujue umeingia ukoo. Unamiminwa kwa kuzungusha kutoka nje kuja ndani, na uji wenyewe umechachushwa siku kadhaa ndiyo maana una ukakasi. Wangu wa kwanza ulitoka kama ramani ya Afrika. Mama alicheka akaita majirani waje waone, akaula yeye.

Halafu Wolaita, Sidama na Gurage mtakutana na kocho. Kuna mmea mfano wa mgomba, enset, wenyewe hauzai ndizi za kuliwa. Wanakwangua shina na kiazi chake, wanafukia ardhini kichachuke miezi, ndipo wanaoka mkate. Kukwangua ni kazi ya wanawake, na ni kazi hasa. Nilikaa nao kutwa moja, jioni mabega hayakuwa yangu. Wale wamama wanaifanya wakiimba tenzi. Nilijifunza wimbo mmoja mzima pale shambani kuliko mazoezi yote ya kwaya.

Vigelegele vipo kama vyetu, kanisani wanapiga hasa. Hapo tulijisikia nyumbani.

Mpiga Kengele

Asante dada. Umenikumbusha BUNA, yaani kahawa, maana bila hiyo siku ya Ethiopia haina uti wa mgongo.

Sahau kikombe cha kuchukua mkononi ukaondoka. Nyasi mbichi zinatandazwa sakafuni. Mwenye nyumba, mara nyingi binti au mama, anaosha buni mbichi, anazikaanga kwenye kikaango juu ya mkaa mpaka zitoe mafuta. Anazunguka na kikaango kila mtu auvute moshi kwa mkono. Ndipo zinatwangwa, zinachemshwa kwenye jebena, chungu cha udongo chenye shingo ndefu. Inamiminwa kwenye vikombe visivyo na mkono. Pembeni kuna bisi au kolo, shayiri ya kukaanga. Vijijini wanaweka chumvi, pengine siagi, au kijani cha tena adam kinachonukia.

Mizunguko ni mitatu: abol, tona, bereka. Kahawa ni ileile inaongezewa maji, wa tatu ni mwepesi. Ukinyanyuka baada ya wa kwanza umemwambia mwenye nyumba kitu ambacho hukukusudia. Kwa hiyo mtu akikwambia "karibu kahawa", tenga saa nzima na zaidi, na usipange ziara za nyumba sita kwa asubuhi moja kama ile ratiba tuliyokuja nayo sisi, ambayo mwinjilisti mwenyeji aliisoma, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni, na hatukuiona tena.

Wazee wa Pente wa zamani baadhi yao waliogopa buna kwa kuwa ilitumika pia kwenye mambo ya mizimu, zar. Wapo ambao hadi leo wanakunywa bila yale manukato ya ubani. Fuata unavyokuta nyumba hiyo.

Na ndipo maongezi yanapotokea. Mambo ya maana yote niliyoyasikia kule niliyasikia mzunguko wa pili na wa tatu. Mzee mmoja alitusimulia enzi za Dergi, utawala wa kijeshi wa Kikomunisti, 1974 hadi 1991: makanisa yalifungwa, watu wakaabudu nyumbani madirisha yamezibwa kwa mablanketi, wakiimba kwa midomo bila sauti. Katibu mkuu wa Mekane Yesus, Gudina Tumsa, alitekwa Julai 1979 akitoka ibadani, akauawa, na mwili wake haukupatikana mpaka 1992. Mzee anasimulia hayo huku anakuongezea bisi. Baada ya hapo kijana wetu aliyekuwa amepangiwa kufundisha somo la "kusimama imara wakati wa majaribu" aliomba somo lake libadilishwe. Tukalibadilisha.

Mkaazi wa Bole

Nimekuja kuchelewa, nimeishi Addis kikazi miaka kadhaa, na mleta mada amesema vizuri. Nyongeza na marekebisho madogo.

Addis iko juu, karibu mita 2,400. Siku mbili za kwanza mtahema mkipanda ngazi na usiku baridi inauma. Msipange kazi ngumu siku ya kufika. Malaria kwa kawaida ni suala la chini ya mita 2,000, kwa hiyo anayeshukia Arba Minch kwenye maziwa alale kwenye chandarua, asidanganywe na baridi ya Addis.

Nyama: Mkristo hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, wala Mwislamu ya Mkristo. Bucha zina alama, msalaba au mwezi. Kikundi chenu kikialika majirani wa dini zote, wekeni chakula cha mfungo tu, kila mtu atakula. Nguruwe msiulizie, hata Pente wengi hawamtaki.

Majina: hakuna jina la ukoo. Mtu ana jina lake, likifuatiwa na la baba, kisha la babu. Mwanamke akiolewa habadilishi. Kwa hiyo "Ato" kwa mwanaume na "Weyzero" kwa mwanamke aliyeolewa vinatangulia jina la kwanza. Kumwita mzee kwa jina la baba yake kama ofisini kwetu ni kumwita marehemu.

Kuhusu ubatizo umesema siku 40 au 80, sahihi: wavulana 40, wasichana 80.

Na msisahau hali ya usalama inabadilika mkoa kwa mkoa. Vita vya Tigray vilisimama kwa mkataba wa Pretoria Novemba 2022, lakini Amhara kukaanza mapigano mengine 2023. Kusini kwa ujumla kumetulia zaidi, ila njia muulizeni kanisa mwenyeji wiki ya safari, si miezi mitatu kabla.

Mpiga Kengele

Mkuu wa Bole asante, ndivyo ilivyo.

Niseme la MSIBA kisha nijibu maswali, vidole vimechoka.

Katikati ya semina yetu ya wauguzi akafariki mama mmoja mtaani, Mwothodoksi. Semina ikafa palepale. Wauguzi wenyeji, Pente wote, wakavua makoti wakaenda. Kuna chama kinaitwa idir, karibu kila kaya imo, unachangia kila mwezi bila kujali dini yako, na siku ya kifo idir inaleta hema, mabenchi, masufuria, inachimba kaburi, inapika. Hema linafungwa hata katikati ya barabara, magari yatazunguka. Watu wanakaa na wafiwa siku tatu. Asiyetokea anakumbukwa.

Mratibu wetu akawa na wasiwasi kwamba tumepoteza siku za programu na waliotuchangia wataka ripoti. Mwinjilisti mwenyeji alimjibu kwa upole kwamba wao wataendelea na semina mwezi ujao, lakini yule mama hatazikwa tena mwezi ujao. Tukaenda kukaa kwenye benchi. Hatujui lugha, hatujui taratibu, tunapewa kolo tunatafuna. Nusu ya mtaa ule ulikuwa haujawahi kuzungumza na sisi, na kuanzia siku hiyo tulikuwa tunasalimiwa kwa bega, lile la kugonganisha bega kwa bega, kila tulipopita.

Ripoti tuliandika hivyohivyo. Waliotuchangia hawakulalamika, kinyume na tulivyotishwa.

Kaa la Mkaa

Zawadi je? Mchungaji wetu anataka tubebe mabegi ya nguo na pipi za watoto. Na picha?

Mpiga Kengele

Pipi acheni kabisa. Mkigawa barabarani siku moja, kila mgeni atakayepita baada yenu atakimbiliwa, na wazazi wanaona watoto wao wamefundishwa kuomba. Nguo, ulizeni kwanza. Kule kuna mafundi cherehani wanaoishi kwa kushona, na masoko ya mitumba pia yapo. Chochote mtakachotoa kipitie kwa wazee wa kanisa, wao ndio wanaojua nani kaunguliwa nyumba na nani anajifanya. Fedha badilisheni benki. Tangu serikali iliporuhusu birr ifuate soko, Julai 2024, bajeti ya zamani haina maana tena, pigeni hesabu upya na wenyeji.

Picha: omba ruhusa, na msibani na kituo cha afya simu ikae mfukoni. Mgonjwa wa kwenu hungempiga picha ukaweka kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Yesu, tarehe 19 Januari, pigeni tu kwa nafasi, makasisi wakiwa wamebeba tabot (kibao kitakatifu cha kanisa, mfano wa Sanduku la Agano) kichwani chini ya miavuli, umati umevaa nyeupe, hakuna atakayewakataza. Ila tabot ikipita, watu wanainama. Usibaki umesimama wewe na simu yako.

Asiyeshiba

Swali la mwisho na la muhimu kuliko yote. Nimesikia Wolaita wanakula nyama mbichi. Nikiletewa nafanyaje, na mimi ni mgeni wa heshima?

Sauti ya Pili

😂😂 Nilijua litakuja.

Mpiga Kengele

Ni kweli, na Wolaita wanajulikana nchi nzima kwa hilo, hasa sikukuu ya Gifaata, mwaka mpya wao, mwezi Septemba. Inakatwa kwa kisu palepale na kuchovywa kwenye data, pilipili mbichi iliyosagwa, kali kuliko maelezo. Wenyeji wenyewe wanajua ina minyoo ya tegu na dawa zake ziko kila duka la dawa. Kukataa si tusi. Sema tumbo lako halijazoea, uombe ya kukaangwa, tibs, watakukaangia bila kinyongo maana hata kwao wapo wasioila.

Usichoweza kukwepa ni gursha. Mwenyeji anakunja tonge la injera kwa mkono wake anakulisha mdomoni, na likiwa kubwa ndiyo heshima imezidi. Moja halitoshi, wanasema linaleta ugomvi, kwa hiyo jiandae kwa la pili na la tatu. Fungua mdomo, tafuna taratibu, kisha na wewe mlishe yeye. Mkono wa kulia, uliooshwa. Watakuja na birika na beseni mezani kabla ya chakula, kaa tu, usiinuke kutafuta bomba.